Barua kwa mwanangu: "Mama hayupo"

Kibirizi, Kigoma
Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hatujambo sote, mguu wangu unaendelea vizuri, na ziwa limetulia tangu juzi. Mpe mkamwana wangu pole ya kulea, nawe umpakate mjukuu wangu kwa niaba yangu mpaka nitakapokuja.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema mlikwenda kwenye mafundisho ya wazazi kabla ya ubatizo, mchungaji akasoma Zaburi ya 51, pale Daudi anaposema "Mama yangu alinichukua mimba hatiani", akawaeleza kwamba kila mtoto huzaliwa na dhambi. Mkeo akainamisha kichwa. Kwao ni Wapentekoste, mtoto mchanga habatizwi, huwekwa wakfu na kuombewa, kisha husubiriwa akue aingie maji mengi kwa hiari yake. Sasa nyumba imegawanyika kidogo, nawe ukaniuliza: "Mama, mtoto wa wiki saba ana dhambi gani? Na wewe unaamini hivyo kweli?" Nyuma ya sauti yako nikamsikia mtoto mwenyewe analia.

Hayo si ya kujibu kwa simu. Nimeandika kwenye daftari, mdogo wako atapiga picha akutumie. Usisome peke yako, soma na mkeo.

Neno langu unalijua tangu hujavaa sare ya shule: uso ndio hugeuka kwanza, mkono hufuata. Mtu haanzi kwa kuiba, anaanza kwa kukwepa kutazamana na mwenye mali. Katika Yeremia sura ya 2 Mungu analalamika kwamba watu wake wamempa visogo badala ya nyuso. Na Adamu baada ya lile tunda hakugombana na Mungu wala hakumtukana. Alijificha kati ya miti ya bustani, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa "Uko wapi?" Kuulizwa alichokifanya kulikuja baadaye.

Hata Kiswahili chetu kinalijua hilo. Tunasema fulani ana kosa, na neno hilohilo ndilo la aliyekosa treni na la mvuvi aliyekesha akakosa samaki. Mchungaji aliyetufundisha kwenye kozi ya wasomaji wa kanisa kule Kasulu alituambia neno la Kigiriki la dhambi katika Agano Jipya, hamartia, asili yake ni kukosa shabaha, na lile la Kiebrania la kutubu ni kugeuka, kurudi ulikotoka. Niliyaandika kwa wino mwekundu, daftari lile ninalo mpaka leo.

Basi, mtoto wa wiki saba. Kwenye kozi hiyohiyo tulisoma habari za Augustino, Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliyezaliwa mwaka 354. Huyo ndiye aliyeshikilia kwa nguvu zake zote kwamba ugonjwa wa Adamu tunazaliwa nao. Mpinzani wake alikuwa Pelagio, mtawa aliyetokea Uingereza, aliyefundisha kwamba Adamu alijidhuru mwenyewe tu, sisi akatuachia mfano mbaya, na mtoto huzaliwa jinsi Adamu alivyokuwa kabla ya kukosa. Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago mwaka 418 wakayakataa mafundisho ya Pelagio. Kanuni 39 za Kianglikana, za mwaka 1571, nazo zimesimama upande wa Augustino: ile ya 9 inasema dhambi ya asili haiko katika kumwiga Adamu, bali ni upotovu wa tabia ya kila mtu aliyezaliwa katika uzao wake. Kwa hiyo mchungaji wenu hakujitungia, usimkasirikie.

Ila mimi nilibishana na Augustino. Yeye aliandika kwamba aliwahi kumwona mtoto mchanga, hajajua hata kusema, amesawijika kwa wivu akimtazama mwenzake wa ziwa moja ananyonya. Niliposikia hivyo nikanyoosha mkono darasani. Nikasema huyu hakuwahi kunyonyesha. Mtoto anayelia mwenzake akinyonya ana njaa, au ana hofu kwamba mama anachukuliwa, na hofu si dhambi. Darasa zima likanyamaza, mwalimu akasema ni hoja.

Usiku, kitandani, nikakumbuka wewe na mwenzio. Mama yako mdogo alipougua, niliwanyonyesha wawili, wewe kulia, yeye kushoto. Nawe ulikuwa umeshiba, maziwa yanakuchuruzika pembeni ya mdomo, titi umeliacha mwenyewe. Ukaunyoosha mguu polepole, ukamwekea kisigino kwenye paji la uso, ukaanza kumsukuma. Njaa haikuwepo, na hofu sikuiona. Ulikuwa na miezi mitano. Nilicheka mpaka shangazi yako akaja kuuliza kuna nini. Sikuiita dhambi siku ile na leo siiiti. Lakini nikikumbuka kisigino kile siwezi kusema kwamba ndani ya mtoto hamna kitu.

Najua, uliuliza ana dhambi gani. Kwangu swali linaloninyima usingizi ni jingine kidogo, nalo ni kwamba mtoto anaipokea mkononi mwa nani. Hapo sina budi nirudi mwaka wa El Nino.

Ulikuwa na miaka sita. Mvua zilizoanza mwishoni mwa 1997 ziliendelea mpaka 1998 imeingia, na harufu ya Kibirizi ya siku zile lazima unaikumbuka. Wavuvi walikuwa wakiingia ziwani gizani na karabai zao kama kawaida, wanarudi alfajiri na dagaa, na jua hakuna. Wenye chanja walikuwa wachache. Sisi wengine tulianika mchangani. Asubuhi unamwaga, saa nne wingu, saa tano unakimbia na turubai, saa nane unaanua dagaa walionyeshewa, wamekuwa rangi ya kutu, vichwa vinadondoka, mchanga umewaingia mpaka machoni. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa amepunguzwa kazi. Ada ya dada yako unaijua. Sitaji hayo ili nijitetee. Au labda ndiyo, najitetea. Niliyaandika nikayafuta, nimeyaandika tena.

Mteja wangu mkubwa alikuwa yule mama wa Urambo, unayemkumbuka kwa karanga zake. Mmoravian, yeye na mumewe walilima tumbaku. Alikuja na treni kila giza lilipokwisha na mbalamwezi imesimamisha uvuvi, maana ndipo dagaa wanakuwa wamekauka na kukusanywa. Alilala kwetu, ninyi mnahamia sebuleni. Usiku tulisali pamoja. Asubuhi tulishuka ufukweni kuchagua mzigo.

Unajua desturi ya wanunuzi: hutia mkono kwenye gunia mpaka kwapani, wachote dagaa wa chini kabisa, wawatazame. Ni haki yao, hakuna muuzaji anayekasirika. Yeye akifika kwenye magunia yangu alikuwa akiyapigapiga tu mgongoni kama mtu anayembembeleza mtoto. Alikuwa akisema, "Kwako sitii mkono."

Mwezi ule nilimshonea magunia mawili. Chini nilitia wale wa mvua, nusu gunia na zaidi. Juu nikatandaza weupe, wakavu, wale ukiwashika wanalia kama majani ya mgomba yaliyokauka. Nilifanya usiku wa manane bandani, peke yangu, kwa kibatari. Na nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Jioni ile hatukusali pamoja. Nilimwambia kichwa kinaniuma, nikaingia kulala mapema. Kichwa hakikuwa kinaniuma. Magunia nilikuwa sijayawaza, Mungu ni shahidi yangu, nilikuwa sijaamua chochote. Nilijua tu kwamba sitaki kuketi naye kwenye mwanga wa taa. Uso ndio hugeuka kwanza, mwanangu. Mkono ulikuja kufuata saa sita usiku.

Alinilipa taslimu, akaongeza ya soda zenu, akapanda treni.

Giza lililofuata hakuja. La pili akaja. Nilimwona kwa mbali anateremka na kikapu chake, nikaanza kupanga maneno: nitasema mvua, nitasema vijana wa bandani ndio walioshona. Hakuniuliza kitu. Alinisalimu kama siku zote, akauliza hali ya baba yako, akakupa karanga zako. Kisha akasogea kwenye gunia langu. Akavua saa, akaiweka kwenye kikapu. Akapandisha mkono wa blauzi. Akautia mkono taratibu, kiwiko kikazama, bega likagusa mdomo wa gunia. Muda wote huo hakuwa anatazama gunia, alikuwa ananitazama mimi. Akautoa, akafungua kiganja. Dagaa walikuwa safi, maana safari ile nilikuwa nimehakikisha ni safi mpaka chini. Akasema, "Hawa wazuri." Akanunua gunia moja. Usiku akalala nyumba ya wageni Mwanga.

Ningefurahi kama angenitukana mbele ya soko zima. Banda lile halipo tena, ziwa limepanda na kulimeza pamoja na ufuko wote tuliokuwa tukianikia, na bado nikipita pale nauona mkono ule.

Baada ya hapo likaanza lile ambalo hatujawahi kulizungumza. Nikisikia kashuka kwenye treni, najificha, nakutuma wewe. Nilikufundisha maneno mawili tu: "Mama hayupo." Siku ya kwanza nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya magunia ya chumvi ya Uvinza kwenye kibanda cha jirani, hatua kumi tu kutoka kwenu. Nikamsikia anakuuliza, "Mama yuko wapi?" Ukajibu, "Mama hayupo." Ungeishia hapo ningesema ni langu lote. Lakini ukaendelea, bila kufundishwa na mtu: "Amekwenda Mwandiga msibani. Amekufa mama wa mtu. Atarudi keshokutwa, jioni." Uso wako sikuuona. Kutoka pale nilipojibanza nilikuona kisogo, umenyolewa jana yake.

Alikushika kichwa, akaondoka. Nawe ukanijia mbio, unangoja nikusifu. Nami nikakusifu. Nikakununulia andazi.

Haya, sasa nihukumu kati ya Augustino na Pelagio. "Mama hayupo" niliiweka mdomoni mwako kama nilivyokuwa nikikuwekea uji, na hapo Pelagio ana lake la kusema, umejifunza kwa mfano. Lakini ule msiba wa Mwandiga uliutoa wapi? Hapakuwa na msiba. Na neno "jioni" ulilolipachika mwishoni ili uongo ukae vizuri, nani alikufundisha? Nimeligeuza hili miaka zaidi ya ishirini. Siku nyingine nasema ni mimi, nilikufungulia mlango, ukapita. Siku nyingine nasema mtu hawezi kupita kama ndani hakuna wa kupita. Kisha nasoma Ezekieli 18, kwamba mwana hatauchukua uovu wa baba yake, nashukuru, nafunga kitabu. Kisha nakumbuka andazi.

Kanisani sikuacha kwenda, hilo unalijua. Niliingia kwa mlango wa pembeni nikaketi nyuma. Tukifika kwenye maungamo, kwamba tumeyaacha yaliyotupasa na kuyafanya yasiyotupasa, nilisema kwa sauti kuliko wote. "Sisi" ni kichaka kizuri, mtu anajificha humo na sauti yake kubwa. Ndiyo maana nakwambia kumwacha Mungu hakuhitaji mtu atoke kanisani. Nilikuwa mbali naye miaka sita nikiwa kwenye benchi lilelile.

Bibi yako alinijua. Yeye alikuwa wa uamsho, ule ulioanza kwa ndugu wa Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Afrika Mashariki mpaka kwetu Buha, watu wakawa wanasimama kutaja dhambi zao kwa majina na kurudisha walivyoiba. Kisa chake cha sahani mbili unakijua, sikirudii. Aliniambia, "Unasema sisi, sisi. Taja." Nikasimama kwenye ushirika nikasema Bwana amenionyesha kwamba moyo wangu ulikuwa mgumu. Watu wakapiga makofi, wakaimba. Nilipogeuka, bibi yako alikuwa hajafungua mdomo.

Alifariki mwaka 2004 kabla sijataja. Matanga yalipokwisha niliuza cherehani, ninyi mkadhani ni kwa ajili ya bati. Nikapanda treni ya jioni, nikashuka Urambo.

Nilimkuta uani anachambua tumbaku, mikono imekuwa ya kahawia. Alininyanyukia, akaniletea kigoda. Nikasema yote, magunia mawili, kibatari, kichwa ambacho hakikuuma, na mtoto niliyemtuma aseme uongo. Nikatoa fedha. Akazihesabu mara mbili, akasema: "Hizi ni za dagaa. Katika Walawi kuna sehemu ya tano."

Ni kweli ipo, sura ya 6: aliyedhulumu arudishe mali yenyewe na juu yake aongeze sehemu ya tano. Mwanangu, nilikasirika. Nimesafiri usiku kucha, nimejiandaa kulia, nimejiandaa kukumbatiwa, na huyu anadai ya tano! Nikasema moyoni, Mkristo gani huyu. Nikafungua pindo la khanga nilikofunga nauli ya kurudi, nikamhesabia. Na katika kuhesabu noti zile chafu ndipo nikaona kwamba huyu mama ndiye mtu wa kwanza kulichukua kosa langu likiwa kosa. Ushirika ulikuwa umelifanya udhaifu. Mimi nilikuwa nimelifanya shida za mwaka wa El Nino. Yeye peke yake alilipima, akajua bei yake.

Alipokwisha kuzipokea ndipo akalia, yeye, si mimi. Akaniambia magunia yale aliyauza kwa rejareja kwa watu wa kanisa lake kabla hajafika chini, akaitwa tapeli, na mzee mmoja akakataa kumpa mkono mlangoni. Hilo halina sehemu ya tano. Nilimwomba radhi kwa hilo, akaniambia, "Hilo nimemwachia Mungu, nimechoka kulibeba."

Nililala kwake. Usiku akasoma lile neno la siku, maana Wamoravian wana desturi ya kupangiwa maneno ya kila siku kwa mwaka mzima, tangu 1731 kule Ujerumani. Siku ile lilikuwa la Zaburi ya 65, pale Mungu anapoijilia nchi na kuinywesha. Mvua! Nikamtazama, naye akanitazama. Tulikuwa kwenye mwanga wa taa, uso kwa uso, na sikutaka kuondoka. Sijapata furaha ya namna ile tangu siku niliyokuzaa wewe. Asubuhi alinipa nauli, zilezile noti zangu.

Sasa nirudi kwa mjukuu wangu, nimekuchosha.

Umeuliza kama naamini. Naamini kwamba hakuna anayezaliwa amemwelekea Mungu tayari. Wote tunahitaji kugeuzwa, na hatujigeuzi wenyewe, maana mimi nilijaribu miaka sita. Kuhusu hatia ya mtoto wa wiki saba, angalia kwanza nani anasema. Zaburi ya 51 ni ya Daudi baada ya nabii Nathani kumfuata kwa habari ya Bathsheba. Anasema "mimi", "yangu". Hamwonyeshi kidole mtoto wa mtu. Na katika habari hiyohiyo, 2 Samweli 12, yupo mtoto wa Daudi aliyekufa siku ya saba. Daudi akaamka, akaoga, akala, akasema mtoto hatanirudia, mimi nitakwenda kwake. Mtu aliyesema alichukuliwa mimba hatiani ndiye aliyesema atakwenda alipo mtoto wake.

Unajua kwa nini mstari huo naujua bila kufungua. Unajua nani amelala Heru Juu chini ya mwembe wa babu yako, mtoto wangu aliyeishi siku tisa tu, bila maji ya ubatizo, na unajua mzee mmoja wa kanisa alichonijibu nilipomuuliza. Ndugu zetu Waorthodoksi husema tulichorithi kwa Adamu ni kifo na udhaifu, hatia ni ya kila mtu na lake. Mimi si mwanatheolojia wa kuwaamua. Nikisema wako sahihi, mtasema ni mama aliyezika. Basi sisemi. Ingawa, nikiwa peke yangu pale chini ya mwembe, husema.

Na hili la kubatiza au kuweka wakfu, sitakuamulia. Ulimi unaniwasha. Gauni jeupe mlilobatiziwa wote watano liko kwenye sanduku, nimelifua Ijumaa na kulipiga pasi, lakini najua gauni si hoja. Mama mkwe wako naye ana hoja zake na anampenda mtoto kama mimi. Ketini ninyi wawili, msimwambie mtoto kwamba bibi mmoja alishinda. Ila siku atakapoanza kusema, hodi ikipigwa, tafadhali nenda mlangoni mwenyewe. Usimtume.

Na wewe, nisamehe lile andazi. Nilipaswa kuliandika hili ukurasa wa kwanza.

Kifurushi nimekipakia kwenye basi la Jumatano. Kuna chupa mbili za mawese, moja ya wakwe zako, na dagaa kilo nne, wa chanja, wa giza hili. Wa juu na wa chini ni wamoja. Ukifika kukichukua, usione aibu, kifungue palepale, utie mkono mpaka chini.

Mama yako